Joho la Bi Mwatime

Kitendawili, wajukuu zangu! Nani kaitikia? Aliyeitikia asogee karibu, aliyenyamaza akakoke moto. Haya: nguo yangu sikuinunua wala sikuiomba, fundi aliyeishona hanijui, nikioga haivuki, nikilala haivuki, na siku nikifa watanizika nayo. Ni nini?

Sanda? La, sanda huivai ukiwa unakula. Ngozi? Ngozi hukushonewa, umezaliwa nayo. Endeleeni kukuna vichwa. Mkishindwa mtanipa mji, na mji mdogo siutaki.

Jibu nimelikuta katika nchi iitwayo Kipimo. Nilifikaje huko, msiniulize. Magoti yangu yenyewe hayakumbuki. Ninachokumbuka ni lango, na bawabu wake, kijana mrefu aitwaye Shamte, aliyenitazama kuanzia ushungi mpaka malapa akashtuka kama aliyeona mtu katoka bafuni bila taulo.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Vazi lako liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hii kanga huioni?"

"Nauliza vazi la shtaka. Umeshtakiwa kwa kosa gani?"

"Sijashtakiwa kwa lolote."

Shamte akaangalia huku na huku, akaniziba kwa mgongo wake watu wasinione. "Umri wote huo, hata kosa moja? Bibi yangu, usiliseme kwa sauti. Hapa mtu asiye na shtaka ni mtu ambaye bado hajachunguzwa."

Basi hapo ndipo nilipoelewa, na mji wangu nimeshauchukua. Huko Kipimo shtaka ni nguo, nguo ya kweli, ya uzi na kitambaa. Makosa yote ya jinai yameandikwa katika Kitabu cha Mishono, na kila kosa lina mkato wake. Matusi ni kofia. Wizi ni kanzu yenye mikono mirefu. Kughushi ni koti ambalo nje ni jipya na ndani ni viraka. Mtoto akizaliwa, kabla hajapewa jina hukatiwa kitambaa, kikawekwa kabatini kusubiri kosa, maana Serikali ya Kipimo haipendi kukurupuka.

Nikauliza kama mtu akishonewa nguo isiyo yake huruhusiwa kuivua.

"Nguo ikishonwa ni yake," akasema Shamte. "Ingekuwa si yake, ingeshonwa kwa nini?"

Nikamwambia kwetu tunasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Akacheka kwa adabu, akitazama chini. "Hata sisi tunasema hivyo hivyo, bibi. Mtu yuko uchi mpaka avishwe. Sasa nani anataka kuacha mtu uchi?"

Wakati tunazungumza akapita bwana mmoja mwenye tumbo la kutangulia, mkono mtupu, amevaa shati jeupe tu. Nyuma yake watumishi wanne wamebeba joho kwenye mti kama wamebeba mgonjwa, joho refu linaburura vumbi. Watu wakamwamkia kwa heshima.

"Hilo joho la nani?"

"Lake."

"Mbona halivai?"

"Bado linapigwa pasi. Liliposhonwa, baba yangu ndiye aliyekuwa bawabu hapa. Pasi haijapata moto." Akakohoa. "Twende bibi, leo kuna kesi. Ukitaka kuijua nchi, katazame inavyoshona."

Njiani nilisikia harufu, ile ya chungu kilichoanza kukauka maji. Nikadhani ni mama ntilie wa karibu. Nikaendelea na njia yangu, mgeni hakosoi chungu cha mwenyeji.

Mahakama yao ni chumba kirefu chenye cherehani ukutani na meza kubwa katikati. Hakimu wao huitwa Kioo, na kazi yake ni kuketi mbele na kusema neno moja kati ya mawili: "Imemkaa" au "Haijamkaa". Nikamuuliza Shamte ni mara ngapi husema haijamkaa. Akasema ilitokea zamani, na yule mshtakiwa alipunguzwa mwili kwa njaa mpaka ikamkaa.

Mwendesha mashtaka huitwa Mkasi Mkuu. Alikuwa bwana mkavu mwenye shingo ya kuku na sauti ya jogoo, pini amezibana mdomoni. Na kinyozi hajinyoi, wajukuu zangu: suruali yake ilikuwa imeachia mshono nyuma, kutoka mkanda mpaka karibu na goti, na yeye hana habari. Msaidizi wake ni Bwana Uzi, mwenye kukishika kile kitabu. Kila Mkasi Mkuu alipotamka kosa, Uzi alifunua ukurasa.

Katikati ya chumba, juu ya kigoda, amesimamishwa mwanamke mwembamba, wa makamo, masizi mikononi na mkwaruzo kwenye kiwiko. Huyo ndiye Bi Mwatime. Alikuwa akigeuza shingo kila mara kutazama mlangoni, kama mtu aliyeacha kitu nje.

Kwenye benchi, mlalamikaji: Mzee Ngwali, jirani yake, mzee mnene mwenye kofia ya viua, mashavu yamemvimba kama anapuliza zumari. Niliketi pembeni yake.

"Pole, bwana. Umeibiwa nini?"

Akanitazama kwa macho ya kuomba. Akayaonyesha mashavu yake kwa kidole.

"Hawezi, bibi," Shamte akaninong'oneza. "Ana funda la maji mdomoni. Ndiyo sheria. Mwenye nyumba ndiye mlalamikaji, apende asipende; hupewa funda la maji asubuhi, na halimezi wala halitemi mpaka nguo ishonwe."

"Kwa nini lakini?"

"Zamani walalamikaji walikuwa wanasema. Wakasema, wakasema, mpaka kesi nzuri zikakosa kitambaa. Mmoja alisema mbuzi wake aliyeibiwa amerudi mwenyewe! Nguo ishakatwa! Hasara ya nani ile? Akitema sasa, ni kupoteza maji ya Serikali. Hiyo ni suruali nzima."

"Na mshtakiwa je?"

"Mshtakiwa ana haki. Anaruhusiwa kusema 'nakiri' au 'sikiri'. Akiongeza neno, linashonewa."

Mkasi Mkuu akatoa pini mdomoni, akaanza. "Mheshimiwa Kioo, mshtakiwa alikutwa asubuhi hii katika dirisha la Mzee Ngwali, mlango ukiwa umefungwa. Kichwa, mikono na kifua vilikuwa ndani. Kiuno kwenda chini kilikuwa nje. Naomba kanzu ya kuvunja nyumba na kuingia."

Bwana Uzi akainua kidole. "Nusu kanzu. Kitabu kinasema kuingia. Yeye aliingia nusu."

"Alikusudia kuingia yote!"

"Makusudio yana shingo na kola tu. Mikono ya kanzu ni ya tendo."

"Na ile nusu ya chini iliyobaki nje ilikuwa inafanya nini?" akauliza Kioo, akijikuna kidevu.

"Inazurura," akasema Uzi.

"Inazurura!" Mkasi Mkuu akapiga meza. "Mheshimiwa, ile miguu ilikuwa inasukuma. Nani alikipeleka kifua ndani kama si miguu? Miguu ilikula njama na mikono. Naomba kiraka cha njama."

Wakabishana hapo, wajukuu zangu, kwa muda wa kumenya gunia la muhogo. Bwana Uzi alishikilia kwamba mtu hawezi kula njama na miguu yake, kwa kuwa njama inataka watu wawili. Mkasi Mkuu akajibu kwamba ikiwa nusu ya mtu imeshtakiwa kwa kuvunja na nusu kwa kuzurura, basi sheria imeshawahesabu kuwa wawili. Kioo akafurahi sana na hoja hiyo. Kiraka kikashonwa. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuiuliza ile miguu yenyewe ilikuwa inakwenda wapi.

Ile harufu ikazidi. Sasa haikuwa ya maji kukauka, ilikuwa ya kitu kimeshika chini. Bi Mwatime akaivuta kwa pua, akashindwa kujizuia.

"Mabwana, maharage..."

"Ameongeza neno!" Mkasi Mkuu akaruka. "Andika! Ametaja maharage. Kwa hiyo alijua kuna maharage ndani ya nyumba ile. Kwa hiyo aliyalenga. Naomba mfuko wa kujaribu kuiba maharage."

"Kujaribu kuna mfuko mmoja," akasema Uzi akifunua. "Wizi wenyewe una miwili."

"Weka mmoja, lakini uwe mkubwa. Debe liingie."

Bi Mwatime akaufumba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwanamke wa watu, machozi yakamlenga. Nikamgeukia tena mzee.

"Bwana, wewe umeibiwa nini hasa? Maharage?"

Mzee Ngwali akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ikakaa upande. Akanyanyua mkono, akashika hewa kwa vidole, akauzungusha, hivi, kulia, kisha kushoto. Akarudia. Mimi nilikuwa naanza kukisia, ila Mkasi Mkuu aliona kabla yangu.

"Mheshimiwa! Mlalamikaji anaonyesha! Tazama mkono! Anaonyesha alivyotaka kunyongwa!"

Mzee akazungusha mkono haraka zaidi, anakataa kwa kichwa.

"Na anaonyesha alivyokuwa anatikisika kichwa wakati ananyongwa! Mungu wangu, mzee huyu ameteseka. Bwana Uzi, kujaribu kuua ni nini?"

"Ni joho," akasema Uzi kwa sauti ndogo. Hata yeye aliona haya kidogo.

"Leta joho."

Mzee Ngwali akaikalia mikono yake yote miwili asije akaongeza kitu.

Wakalitandaza juu ya meza joho jeusi, zito, wakaanza kulichora chaki. Mabega haya, kiuno hapa, kanzu nusu ndani yake, kiraka cha njama ubavuni, mfuko wa maharage mbele. Mvaa joho, akanieleza Shamte, hupelekwa kwenye machimbo ya chokaa, ng'ambo ya milima, na harudi. Hata jina lake huondolewa katika mazungumzo. Watoto wake huambiwa waseme mama yetu amekwenda kupimwa.

Wakati huo moshi ulikuwa umeanza kuingia dirishani, mwembamba, wa buluu. Kioo akaupunga kwa mkono. "Huo nao nini?"

"Moshi, Mheshimiwa," akasema Uzi. "Umeingia mahakamani bila kuitwa."

"Ushonewe."

"Hauna mabega, Mheshimiwa. Tulijaribu mwaka wa ukame."

"Basi andika: mtu asiyejulikana anapika vibaya. Tukimaliza hapa tutamtafuta."

Na kweli wakaandika. Ndivyo ilivyo nchi ile. Kila kitu kinaandikwa, ila hakuna anayeondoka kitini kwenda kutazama.

Kisha Bwana Uzi akamwendea Bi Mwatime pale kigodani, akamsemesha kwa upole. Mtu mwenyewe hakuwa mbaya. Mkononi alikuwa na kizibao kidogo cha kijivu, kisicho na mikono.

"Dada yangu, sikiliza. Lile joho likishonwa halina mlango wa kutokea. Lakini ukikiri sasa hivi, tunakupa hiki. Kosa la kuwa dirishani. Kidogo, chepesi, hata jua likiwaka hakichomi. Unavaa, unasaini kwa dole gumba, unakwenda nyumbani saa hii hii. Wote huchukua kizibao. Hata wasiofanya kitu. Hao hasa."

"Na akivaa hicho?" nikamuuliza Shamte.

"Havui tena. Na mvaa kizibao hapewi moto wala chumvi na jirani. Haketi barazani kwa watu. Akipiga hodi, wenye nyumba hunyamaza mpaka aondoke."

Mimi nimekaa na majirani maisha yangu yote, wajukuu zangu. Najua chumvi ya kuomba ni nini. Haihusu chumvi. Mwanamke asiyeombwa wala kuomba mtaani kwake ni kaburi linalotembea.

Lakini nikamwona Bi Mwatime anakitazama kile kizibao kwa namna ya ajabu. Hakukitazama kama mtu anayeogopa joho. Alikitazama kama mtu anayetazama mlango. Saa hii hii, amesema Bwana Uzi. Unakwenda saa hii hii. Akatazama moshi. Akatazama kizibao. Akamtazama Mzee Ngwali, na Mzee Ngwali akamtikisia kichwa, usifanye, usifanye, mashavu yanamtetemeka, macho yamejaa maji kama mdomo.

Nikajua wale wawili wanajua jambo ambalo chumba kizima hakilijui, na yule wa kulisema amezibwa kwa maji, na yule asiye na maji akilisema linageuka uzi.

"Bwana Shamte," nikanong'ona, "akimeza je?"

"Kumeza maji ya Serikali ni wizi. Kanzu."

"Akitema?"

"Nimeshakwambia. Suruali."

"Akicheka?"

Shamte akafikiri. Akafikiri tena. "Kucheka... kucheka hakumo kitabuni, bibi. Hapa hajawahi kucheka mtu."

Nikasogea kwa Mzee Ngwali mpaka bega likagusana na bega. Mbele yetu Mkasi Mkuu alikuwa ameinama kuokota pini zilizomwagika sakafuni, ametupa mgongo, anahema, anaokota moja moja.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia sikioni, "kitendawili."

Mtu akiambiwa kitendawili hata kama anazama lazima aitikie. Hakuweza kusema, akainua kidole kimoja kutoka chini ya paja.

"Nyumba yangu ina mwenyewe mkali, mbele kaweka kufuli, kaweka mkanda, kaweka na walinzi. Lakini dirisha la nyuma liko wazi, na wenye nyumba wawili wameketi humo wanaota jua."

Mzee akakunja uso. Akafikiri. Akatazama huku na huku akitafuta hiyo nyumba. Nami nikamwelekeza kwa kidevu, taratibu, pale mbele, pale Mkasi Mkuu alipoinama, na jua la dirishani lilikuwa limepiga hapo hapo.

Kwanza yalianza mabega. Kisha tumbo likaruka mara moja, kama gunia lenye paka. Akajaribu kujizuia, masikini, akabana midomo mpaka ikawa myeupe; na kwenye kigoda wakati huo huo Bi Mwatime amekwisha nyoosha mkono kupokea kizibao, amefungua mdomo, nasikia "Naki..."

Mzee Ngwali akapasuka.

Wajukuu zangu, sijapata kuona funda moja la maji likaenda mbali vile. Liliruka juu ya meza, likamwogesha Kioo kuanzia kilemba, likanyunyiza Kitabu cha Mishono, na lililobaki likaanguka juu ya joho, chaki yote ikayeyuka: mabega yakatiririkia kiunoni, njama ikaingia mfukoni, maharage yakawa uji mweupe. Bi Mwatime akabaki mdomo wazi, neno lake halijaisha, mkono haujakigusa kizibao.

Mkasi Mkuu akainuka. "Ametema! Suruali! Ashonewe suruali!"

"Amecheka," akasema Bwana Uzi. Alikuwa anafunua kurasa zilizolowa, haraka haraka, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Kucheka... kucheka... Mheshimiwa, kucheka hakuna."

"Hakuna?"

"Kuna kuchafua kisima, halafu kuna kuchelewa. Katikati hakuna kitu."

Kioo akajipangusa uso kwa ncha ya kilemba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona vizuri. Akakitazama chumba, akauona moshi ulivyojaa darini. Mzee Ngwali alikuwa bado anacheka huku analia, anashika mbavu, na mdomo wake mtupu umekaa wazi kama mlango ambao hakuna aliyefikiria kuufunga. Chumba kizima kikamgeukia, na hakuna aliyekuwa na swali, kwa sababu hawakuwahi kujifunza kuuliza.

Basi nikamuuliza mimi, mara ya tatu.

"Mzee Ngwali, bwana, umeibiwa nini?"

Akavuta pumzi. Akanigeukia mimi, si Kioo.

"Sijaibiwa kitu, mama! Nilitoka nje kumwaga maji, upepo ukabamiza mlango, ufunguo ukabaki ndani na chungu cha maharage kiko motoni. Mimi na tumbo hili dirishani nitapitaje? Nikamwita Mwatime. Mimi ndiye niliyemnyanyua, mimi ndiye niliyekuwa namsukuma miguu, na huo moshi mnaoutafutia mabega tangu asubuhi ni nyumba yangu!"